Jicho Halina Diodi

Foleni ya jioni, Morocco, Dar es Salaam. Redio ya daladala inaimba vizuri tu, dereva anafuata gari la mbele hatua moja, na wimbo unaanza kukwaruza. Taa nyekundu inamkuta hapohapo, kwa hiyo abiria wote wanakaangwa na kelele mpaka taa ibadilike. Akisogea hatua nyingine moja, wimbo unarudi safi kama vile haukuwahi kukatika. Konda huipiga redio kwa kiganja, lakini redio haina kosa. Gari lilisimama kwenye shimo.

Shimo lenyewe lina vipimo. Chukua 300, gawanya kwa masafa ya stesheni katika megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Stesheni ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3. Ya 88 ina mita 3.4, ya 108 ina mita 2.8. Wimbi likitoka mnarani moja kwa moja, halafu likakutana na lenzake lililogonga ghorofa la mbele na kurudi, mahali pengine yanaongezana na mahali pengine yanauana. Yakikutana uso kwa uso, kutoka shimo moja hadi la pili ni nusu ya wimbi, yaani mita 1.5, na kutoka shimoni hadi kileleni ni sentimita 75. Hiyo ndiyo ile hatua moja ya dereva. Mjini kuta ni nyingi, kwa hiyo mashimo hayajipangi kwa mstari ulionyooka, lakini ukubwa wake hauondoki kwenye kipimo hicho.

Maana yake ni kwamba barabara yote ile imejaa mabaka ya mwanga na giza, kila baka likiwa na ukubwa wa meza ya chakula. Ni mwanga wa aina ileile ya mwanga wa jua: mawimbi ya sumakuumeme, mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde. Redio inayaona mabaka hayo. Wewe uliyekaa kiti cha dirishani huoni hata kivuli. Kwa nini jicho halioni redio?

Jibu ambalo wengi tulipewa shuleni ni kwamba wimbi la redio ni refu mno kuingia jichoni. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, tutaufikia, ila kama maelezo ya kwanza halisimami. Fungua redio yoyote ya mkononi yenye AM. Ndani kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, na mara nyingi hakizidi sentimita 10. Kijiti hicho kinanasa stesheni ya kilohezi 1,000, ambayo wimbi lake lina mita 300. Kama udogo ungekuwa kikwazo, kijiti kile kingekuwa bubu. Sababu ya kweli iko ndani zaidi, kwenye kile kinachotokea mwanga unapofika nyuma ya jicho.

Kule nyuma kuna utando wa retina, na kwenye retina kuna seli zinazopokea mwanga. Zile za kuonea gizani, zenye umbo la vijiti, zinakaribia milioni 120 kwa kila jicho. Zile za rangi ni kama milioni 6. Kila kijiti kimebeba molekuli zinazokaribia milioni 100 za protini iitwayo rodopsini, na katikati ya kila protini amekaa retinali, mtoto wa vitamini A. Ndiyo maana mchicha, maini, mawese na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinahusiana na macho, na ndiyo maana mtu aliyekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu huanza kwa kushindwa kuona magharibi ikiingia.

Retinali hukaa imepinda, kama mtego uliotegwa. Chembe moja ya mwanga, yaani fotoni moja, ikiigonga sawasawa, inanyooka ghafla, ndani ya femtosekunde 200 hivi. Na femtosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa kwa milioni ya bilioni. Protini inabadilika umbo, seli inapeleka habari, ubongo unasema "mwanga". Mambo yote ya kuona yanaanzia kwenye huo mfyatuko mmoja. Na mtego huu haufyatuki kwa kubembelezwa. Una kima chake.

Kima hicho tukipime kwa elektronivolti, kipimo cha nishati ambayo elektroni moja huipata ikivuka volti moja. Fotoni ya kijani ina elektronivolti 2.2. Nyekundu ya mwisho kabisa kuonekana ina kama 1.8, na ukishuka chini ya hapo uwezo wa jicho unaporomoka haraka. Fotoni ya stesheni ya megahezi 100 ina elektronivolti 0.0000004. Ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 ina 0.00001. Yaani fotoni ya FM ni ndogo kuliko ya kijani kwa zaidi ya mara milioni 5.

Mtu atasema: basi zije nyingi. Zinakuja nyingi. Chukua mtambo wa wati 1,000 unaosambaza sawasawa pande zote, simama kilomita 10 kutoka mnara. Kwa hesabu, eneo dogo kama mboni ya jicho yenye upana wa milimita 3 hupitiwa na fotoni zaidi ya trilioni 80 kila sekunde. Linganisha na mwanga wa kawaida: wanasayansi Hecht, Shlaer na Pirenne walionyesha mwaka 1942 kwamba gizani, fotoni 5 hadi 7 zikinaswa na retina zinatosha mtu kusema ameona. Saba zinaonekana, trilioni 80 hazionekani. Retinali haina daftari la akiba. Haipokei malipo kwa awamu. Embe bichi huangushwa kwa jiwe. Ukilirushia punje za mchanga moja moja, hata ukimaliza fuko zima tangu asubuhi, embe litabaki juu, ingawa ukijumlisha nguvu za punje zote zimelizidi jiwe mbali sana.

Mpaka huo unaweza kuuona mwenyewe bila kwenda maabara. Chukua rimoti ya king'amuzi au ya TV na simu yenye kamera. Ingia chumba chenye kivuli, washa kamera ya mbele, elekeza pua ya rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe chochote usikiachie. Kwenye skrini ya simu utaona taa inamweka, nyeupe yenye uzambarau. Inua macho uiangalie rimoti yenyewe: giza tupu. Rimoti nyingi hutoa miali infraredi ya nanomita 940, fotoni ya elektronivolti 1.3, chini ya kima cha retinali. Kamera imetengenezwa kwa silikoni, na silikoni huridhika na elektronivolti 1.1. Ukikosa kuona kitu, usikimbilie kusema rimoti mbovu. Kamera za nyuma nyingi zina kichujio cha infraredi, kwa hiyo jaribu ya mbele kwanza. Simu nyingine zina kichujio pande zote mbili, badilisha simu. Halafu ndipo uangalie betri. Fundi wa rimoti hutumia njia hii kila siku kujua kama tatizo ni taa au ni vitufe. Silikoni nayo ina kikomo chake. Hiyo kamera iliyoona rimoti haiwezi kuona Wi-Fi iliyo pembeni yake, kwa sababu ileile: 0.00001 haifiki 1.1, hata karibu.

Kwa nini basi viumbe wasitege mtego mwepesi zaidi, unaofyatuka kwa nishati ndogo? Kwa sababu mwili una joto. Kwenye nyuzi 37 kila molekuli mwilini inatikiswa muda wote na mitikisiko ya elektronivolti 0.027 hivi. Mtikisiko huo ni mkubwa kuliko fotoni ya Wi-Fi kwa karibu mara 2,700, na kuliko ya FM kwa karibu mara 65,000. Mtego wa kunasa fotoni ya FM ungefyatuliwa na joto la jicho lenyewe kabla stesheni haijaanza taarifa ya habari. Mwenye jicho hilo angeona mwanga mchana na usiku, amefumba au amefumbua, na mwanga huo ungekuwa wake mwenyewe. Wanaokumbuka TV za zamani, kabla matangazo ya analojia hayajazimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wanazijua chenga. Ukichomoa antena, skrini inachemka nukta nyeupe na nyeusi. Sehemu kubwa ya zile chenga ilikuwa ni joto la saketi ya TV yenyewe. Jicho la kuona redio kwa kutumia mtego wa kikemikali lingekuwa chenga tupu.

Hata rodopsini yetu, pamoja na ugumu wake, hukosea mara moja moja. Kwenye vijiti vya nyani, molekuli 1 kati ya zile milioni 100 hujifyatukia kwa joto kila baada ya dakika mbili na nusu hivi, na seli inaapa kwamba imeona mwanga. Ukizidisha muda huo kwa idadi ya molekuli, molekuli moja ingesubiri miaka mamia kabla ya kudanganywa na joto. Mimi naona hapa ndipo penye ufundi wa jicho: kiasi cha ugumu kilichowekwa kinaruhusu fotoni 1 ihesabike na bado kinazuia chenga. Ukilegeza kidogo tu, unapoteza.

Chatu amepita njia nyingine. Midomoni mwake ana vishimo vinavyohisi joto la panya gizani. Vishimo hivyo havihesabu fotoni, vina utando mwembamba unaopata joto, na kwenye neva zake kuna protini inayolihisi joto hilo. Protini hiyo, TRPA1, ilitambuliwa mwaka 2010. Je, kishimo kama hicho kisingehisi redio? Ngozi yenye joto hutoa takriban wati 500 kwa kila mita ya mraba. Ule mtambo wetu wa wati 1,000, kwa kilomita 10, unaleta wati 0.0000008 kwa mita hiyohiyo. Hakuna utando utakaopata joto kwa kiasi hicho. Kuhisi redio kwa joto kunawezekana pale tu nguvu ni kubwa kiasi cha kudhuru, na hapo jicho ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia, kwa maana lenzi haina mishipa ya damu ya kuipooza. Ndiyo maana fundi hapandi mnara na kusimama mbele ya antena ya mtambo mkubwa mpaka mtambo uzimwe au upunguzwe nguvu, na ndiyo maana swichi za mlango wa maikrowevu hazirukwi kwa waya ili "ifanye kazi tu".

Sasa lipo swali ambalo msomaji makini ameshaanza kulishika. Redio ya mezani nayo ina joto. Nayo imekaa Dar, nyuzi 30 za mchana. Mbona yenyewe haizidiwi na chenga zake?

Redio haihesabu fotoni. Inafanya mambo mawili ambayo mwili hauwezi. La kwanza ni kuchagua. Koili na kapasita hupangwa zitikisike kwa masafa ya stesheni moja tu, kama bembea inayokubali kusukumwa kwa mwendo wake. Fotoni trilioni nyingi kutoka mtambo mmoja huja zikiwa zimeshikana hatua, kama gwaride, na kila msukumo unaongezea uliotangulia. Joto linasukuma ovyo, mbele na nyuma, na ukibana upana wa masafa hadi kilohezi 200 za stesheni moja, kelele ya joto inayobaki humo ni kama wati 0.0000000000000008. Stesheni inaishinda kelele hiyo bila jasho. Kumbuka mfano wa embe: huyu ameacha kurusha mchanga, ameshika tawi na kulitikisa kwa mpigo wake.

Ila bembea inahitaji isile nguvu nyingi, na hapo ndipo penye shaba. Nyama ya mwili kwenye megahezi 100 hupitisha umeme, lakini shaba huupitisha vizuri kuliko nyama kwa karibu mara milioni 80. Ukitengeneza koili ya nyama na chumvi, mtikisiko unakufa kabla haujaanza. Hakuna kiumbe anayeotesha waya wa shaba mwilini.

La pili ni kupembua. Wimbi la FM linavuta elektroni huku na huku mara milioni 100 kwa sekunde. Mvuto wa mbele unafutwa na wa nyuma, jumla ni sifuri. Lazima kiwepo kitu kinachokubali upande mmoja na kukataa mwingine, kiwe na wepesi wa kwenda na kasi hiyo. Kwenye redio rahisi ya AM kazi hiyo ni ya diodi. Neva hupiga mara 1,000 kwa sekunde ikijitahidi sana, na utando wake huchukua takriban milisekunde nzima au zaidi kujaa chaji. Kwa neva, wimbi la FM ni ukimya. Umeme wa polepole viumbe wanauweza: domodomo wa Ziwa Victoria hutoa vipigo vya umeme na kuhisi vinavyopinda akipita mawe na mawindo kwenye maji machafu. Lakini huo ni uga wa umeme wa karibu, wa masafa ya chini, kwenye maji. Hana habari na mnara.

Upembuzi wa bahati mbaya umewahi kuusikia. Simu ya 2G ikiwekwa karibu na spika, muda mfupi kabla haijaita, spika inatoa ule mlio wa "didi-dit, didi-dit". Simu hiyo hurusha kwa vipande, karibu vipande 217 kwa sekunde, na sakiti ya amplifaya inavipembua bila kuombwa na kukupa mlio wa hezi 217. Mwili nao una tukio moja la namna hii, la ajabu. Mwaka 1961 mtafiti Allan Frey alieleza kwamba watu waliokaa kwenye mipigo mikali ya rada walisikia vijimlio kichwani. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba kila mpigo hupasha kichwa kwa sehemu ndogo mno ya nyuzi, nyama inatanuka ghafla, na wimbi la sauti linafika kwenye sikio la ndani. Kwa hiyo kama yupo mwanadamu aliyewahi kuihisi redio, aliihisi kwa sikio, na kwa njia ya joto.

Kuna wanaosema jicho lilikosa tu sababu ya kujifunza redio, kwamba zamani hapakuwa na minara. Nusu yake ni kweli. Anga letu linapitisha mwanga na linapitisha redio pia, kwa hiyo kosa si la anga. Jua ndilo halina redio ya kutosha. Mchana wa jua kali, mita moja ya mraba hupata kama wati 1,000 za mwanga na joto. Kwenye gigahezi 2.8, katika upana wa megahezi 100, jua tulivu huleta chini ya sehemu moja ya trilioni ya wati. Na macho ya kwanza yaliota baharini. Maji ya chumvi ya pale Coco Beach huliua wimbi la FM ndani ya sentimita chache, wakati mwanga wa kijani na bluu unashuka mita nyingi.

Turudi kwenye ule ukweli wa shuleni, kwamba wimbi ni refu. Urefu hauzuii kunasa. Unazuia kupata picha. Ili jicho litenganishe vitu viwili vilivyokaribiana sana, mboni inabidi iwe pana mara maelfu kuliko wimbi. Mboni ya milimita 3 kwa mwanga wa kijani inatosha kutenganisha vitu vilivyoachana kwa dakika moja hivi ya pembe, sehemu 1 kati ya 60 za digrii. Ukitaka ukali huohuo kwa wimbi la FM la mita 3, mboni inatakiwa iwe na upana wa kilomita 16 na zaidi. Hiyo ni kama safari ya mwendokasi kutoka Kivukoni hadi Kimara, mwanzo mpaka mwisho, na hiyo ni mboni tu. Kwa Wi-Fi ungepunguziwa: mita 700.

Macho ya namna hiyo yapo, ila ya chuma. VLA, darubini ya redio iliyoko New Mexico, Marekani, ni madishi 27 ya mita 25 yanayoweza kutawanywa mpaka yafanye kazi kama jicho moja la upana wa kilomita 36.

Na hata ungekuwa na mboni hiyo, ungefumba vipi? Jicho ni chumba cha giza chenye tundu moja. Kope, fuvu na nyama huzuia mwanga, ndiyo maana picha inapatikana. Wimbi la FM linapita kwenye fuvu, kope na kisogo; lingeifikia retina likitokea pande zote kwa mpigo. Chumba cha giza cha redio ni cha chuma. Ukitaka kukiona, tazama mlango wa maikrowevu: nyuma ya kioo kuna bati lenye vitundu vya milimita moja au mbili. Mwanga unapita, unaona chakula kinavyozunguka. Wimbi la sentimita 12 halipiti kwenye vitundu hivyo.

Baada ya yote hayo, yupo ndege anayevuruga hesabu. Robini wa Ulaya husafiri usiku akifuata sumaku ya dunia, na kuna ushahidi kwamba dira yake imo jichoni, inahitaji mwanga ili ifanye kazi. Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, robini waliowekwa kwenye vibanda vya mbao vya chuoni walipoteza mwelekeo. Vibanda vilipozungushiwa mabati ya alumini yaliyounganishwa na ardhi, mwelekeo ukarudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kilichowavuruga ni kelele dhaifu za redio kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, zinazotoka kwenye vifaa vya umeme. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu namna inavyotokea. Dhana inayopewa uzito ni mzunguko wa elektroni mbili zilizotenganishwa na mwanga, hali ambayo inaweza kugeuzwa kwa nishati iliyo chini kabisa ya joto. Robini haoni redio. Redio inamchafulia kitu anachokiona, na hilo tayari ni zaidi ya tunachoweza sisi.

Anayetaka kuazima jicho, atengeneze. Enzi za simu za batani Kariakoo iliuza vitaa vilivyomeremeta simu ikiita, bila betri. Vilikuwa antena, diodi na taa, basi. Kimoja cha kupima na mita kinatengenezwa hivi. Kata waya wa shaba vipande viwili vya sentimita 8, vinyooshe kwa mstari mmoja, ncha zikaribiane. Katikati, ziunganishe kwa diodi. Nzuri ni 1N5711. Ukikosa, chomoa diodi ya kioo, 1N60, kwenye redio mbovu ya AM. Kila upande wa diodi weka rezista ya kilo-ohmu 10, ya kahawia, nyeusi na chungwa, ikiwa imeshikana na diodi kabisa. Ncha za mbali za rezista zote mbili ziunganishe kwa kapasita ya seramiki iliyoandikwa 102, na kutoka hapo peleka waya mbili zilizosokotwa hadi kwenye mita iliyowekwa milivolti 200 DC. Weka simu kwenye 2G, piga, isogeze sentimita 5 kutoka antena. Namba itaruka.

Isiporuka, kosa la kwanza ni kapasita kuwekwa moja kwa moja juu ya diodi. Hapo imelimaliza wimbi kabla halijapembuliwa. La pili ni diodi: 1N4007, ambayo kila fundi anayo, ni nzito mno kwa megahezi 900, na 1N4148 huhitaji wimbi lenye nguvu zaidi. La tatu ni lehemu. Diodi ya kioo ikiungwa zaidi ya sekunde 3 bila kushikwa mguu kwa koleo la kupooza, inaweza kufa kimyakimya. La nne ni simu kurudi 4G bila kukuambia. Hapo utaona miruko mifupi tu, kisha sifuri. Alama ya kutoa mbele ya namba si kosa, umegeuza diodi. Mkono wako pia usishike antena, maana wewe ni maji ya chumvi.

Ikishafanya kazi, laza simu mezani na izungushe antena taratibu. Kuna mkao namba inapanda, na ukiigeuza digrii 90 inashuka sana, kwa sababu wimbi linatikisika kwa upande wake. Ikibaki vilevile kila upande, kinachonasa si antena, ni waya za mita. Kaza msokoto, sogeza rezista karibu zaidi na diodi, anza tena.